PhD Kanada: hii pesa ya serikali mtu anaiombaje akiwa bado Mombasa?

BintiMtongwe

Asalaam aleikum jamani, na wengine wote habari za jioni. Mwenzenu niko Mtongwe, nimemaliza masta mwaka juzi, sa hii nafanya vibarua vya utafiti, leo huku kesho kule, mkataba wa miezi mitatu ukiisha unarudi nyumbani unangoja simu. Nataka kuenda kusoma PhD Kanada. Si wazo la juzi, nimekaa nalo tangu niko masta.

Somo langu ni mama karanga, yaani wale kina mama wanaonunua samaki wadogo ufuoni wakaanga na kuuza. Mamangu mzazi ni mama karanga, amekaanga samaki miaka ishirini na ushei pale pale, mie ada yangu yote ya sekondari imetoka kwenye karai. Nataka kusoma kwa nini hawa kina mama wakifika ufuoni wanakuta bei ishapangwa, na kwa nini yule samaki mdogo ambaye zamani alikuwa ni wao siku hizi anawapita.

Sasa shida iko hapa. Binamu yangu alinitumia habari za Vanier, ati serikali ya Kanada inakupa dola 50,000 kila mwaka kwa miaka mitatu, nikajifungia wiki mbili naandika propozali, kuja kutafuta pa kuombea sipaoni. Halafu kuna wakala mmoja mjini ameniambia yeye ana njia, nimpe shilingi 45,000 afungue faili ya skolashipu. Mie hizo sina, mama amesema atazitoa kwenye chama.

Naomba aliyepita hii njia anieleze. Naanza na serikali ama naanza na chuo? Nasikia kuna mabaraza matatu ya utafiti yanayotoa hizo hela, sasa mambo ya samaki naenda la sayansi ama la jamii? Na ukishapewa, hizo hela zinaingia vipi? Mnisaidie, Jumapili mama ana mkutano wa chama.

---

Mwana_wa_Tudor

Waaleikum salaam dadangu. Kabla ya yote, mwambie mama hela za chama zikae kwenye chama. Hakuna faili ya skolashipu inayofunguliwa na wakala. Maombi ya ufadhili wa serikali ya Kanada anaomba mwanafunzi mwenyewe kupitia chuo chake na hakuna ada hata senti. Huyo akuachie jioni hii hii.

Mie niko Kanada, nimezaliwa Tudor, na hii pesa unayoiulizia ndo inanilipia chumba ninachokuandikia sa hii. Nitakueleza vile nilivyoijua mie.

Vanier ilikuwepo kweli na hela ilikuwa hiyo hiyo aliyokwambia binamu, lakini imefungwa, duru ya mwisho ya maombi ilikuwa 2024. Kwenye bajeti ya Aprili 2024 serikali iliamua kuzikusanya skolashipu zake za masta, za PhD na za wale waliokwisha maliza PhD, ikazitia kapu moja. Ile ya PhD sasa inaitwa CGRS D (Canada Graduate Research Scholarship – Doctoral), dola 40,000 za Kanada kwa mwaka kwa miaka mitatu, kwa hela yetu ni zaidi ya milioni tatu na nusu kila mwaka. Na usiione imeshuka kutoka 50,000 ukasikitika. Vanier zilikuwa hazizidi 166 kwa mwaka nchi nzima, na zile nyingine za PhD zilizokuwepo ulikuwa unakuta mtu anapewa 20,000 mwingine 35,000, na hiyo 35,000 ilikuwa imelala pale pale tangu 2003 huku kodi za nyumba zinapanda kila mwaka. Watu walichoka, Mei 2023 wanafunzi na maprofesa wakatoka madarasani vyuo vingi kudai viwango viongezwe. Na kitu kikubwa kwetu sisi wageni, zile nyingine za zamani zilikuwa za raia na wakaazi wa kudumu tu, mgeni mlango wake ulikuwa Vanier peke yake. Hii mpya mgeni anaruhusiwa, japo nafasi za wageni ni sehemu ndogo tu ya zote.

Sasa sikiliza hapa manake hapa ndo watu wengi wa kwetu wanapopotelea. Huwezi kuiomba ukiwa Mtongwe. Mgeni anatakiwa awe ashasajiliwa PhD kwenye chuo cha Kanada ndo aombe. Kwa hivo huanzi na serikali, na hata chuo huanzi nacho, unaanza na mtu. Unatafuta profesa mmoja anayefanya mambo yanayofanana na yako, anayekubali kukusimamia. Akikukubali unaomba chuo, chuo kikikuchukua kinakupa ofa yake ya hela ya miaka minne hivi, unasafiri kwa hiyo ofa, na ukishafika ndo unaiomba ya serikali.

Miezi yake iko hivi. Mwezi wa nane mpaka wa kumi unaandikia maprofesa. Disemba na Januari vyuo vingi vinafunga maombi. Februari mpaka Aprili majibu yanatoka. Septemba unaanza masomo, na hiyo hiyo Septemba kabla hujajua basi gani linapita kwenu, idara inatuma imeili kwamba maombi ya skolashipu ya serikali yanafungwa wiki kadhaa zijazo. Mie nilikuwa nimefika siku kumi na mbili, bado nalala na koti, nikafungua ile imeili nikaona bora nisubiri mwaka wa pili. Aliyeniokoa ni dada mmoja Mnigeria tuliyekuwa tunakaa ofisi moja, akaniambia kaa chini andika leo. Kwa hivo wewe propozali yako usiitupe, hizo wiki mbili hazikupotea, panda nayo ndege ikiwa tayari.

Chuo kinachuja kwanza, kila chuo kina idadi yake ya majina ya kupeleka, halafu yanaenda kushindana kitaifa. Majibu mwezi wa nne. Wanaangalia propozali, wanaangalia matokeo yako, kazi ulizofanya na ulichochapisha kama kipo, na barua mbili za watu wanaokujua kitaaluma. Hivyo vibarua vya miezi mitatu unavyovilalamikia viandike vyote, pale ndo vinahesabika. Kama ulihoji watu 60 ufuoni kwa Kimvita na Kidigo ukatafsiri mwenyewe, sema hivo hivo.

Kuhusu mabaraza, ni matatu kweli. NSERC ni sayansi asilia na uhandisi, CIHR ni afya, SSHRC ni sayansi za jamii na masomo kama historia na lugha. Mwaka mmoja unaomba moja tu. Wewe usibabaishwe na neno samaki. Ungekuwa unapima tasi wanakua kwa kasi gani ungeenda NSERC. Wewe unauliza nani anapanga bei na nani anaachwa nje, hiyo ni SSHRC.

---

Nyota_Kisauni

Dadangu nakazia hapo kwenye barua mbili. Mie nilishaomba vyuo viwili Kanada na kimoja nilikikosa kwa sababu ya barua. Mwalimu wangu mmoja wa masta alinikubalia, nikamkumbusha, akaniambia inshallah leo, nikamkumbusha tena, mpaka siku ya mwisho saa nne usiku napiga simu imezimwa. Faili yangu ikahesabiwa haijakamilika na basi, hakuna mtu wa kulia naye, nilikaa barazani mpaka alfajiri. Pesa ya maombi nayo hairudi, dola mia na zaidi ile.

Sa hii naomba watu watatu hata kama zinatakiwa mbili. Kila mmoja namwandikia miezi miwili kabla, nampa propozali yangu, nampa na karatasi moja nimemwandikia mambo matano aliyoniona nayafanya kwa macho yake, manake mwalimu ana wanafunzi mia mbili, hawezi kukumbuka wewe ndo uliyeingia kwenye matope Gazi siku ile ya mvua. Barua isemayo huyu ni mwanafunzi mwenye bidii haikufikishi popote. Barua isemayo huyu alirudia kuhesabu madodoso yote 140 baada ya kugundua kosa ambalo hakuna mtu angeliona, hiyo inasomwa mara mbili.

Duru hii nimetuma tena. Mniombee dua.

---

BintiMtongwe

Jamani mmenifanya nimekaa chini. Mama nimemwambia, amenijibu nilijua yule mtu macho yake hayatulii. Amefurahi lakini ameniuliza swali nimeshindwa kulijibu. Ati mwaka wa kwanza wote huo kabla ya hiyo ya serikali utakula nini?

Na @Mwana_wa_Tudor ukija kupewa hiyo 40,000, unajumlisha na ile ya chuo ama vipi? Nimepiga hesabu hapa naona kama mtu anatajirika.

@Nyota_Kisauni dua zote ziko kwako dadangu, Mola akufungulie.

---

Mwana_wa_Tudor

Mama ameuliza swali la mtu mzima. Nitakueleza kwa namba zangu mwenyewe.

Ofa yangu ya chuo ilikuwa dola 28,000 kwa mwaka. Barua ilinifika niko kwa bibi, nikapiga vigelegele peke yangu. Lakini humo humo kwenye 28,000 ada ilikuwa inatoka, 8,000. Ikabaki 20,000. Gawanya kwa miezi 12 unapata kama 1,660. Chumba kwenye nyumba ya watu wanne 900. Imebaki mia saba na kitu, ule, simu, basi, koti la baridi mara moja, na nyumbani wanakuona uko ulaya. Unaishi, hulali njaa, lakini hakuna cha kuchezea. Na sehemu ya hiyo 28,000 si zawadi, ni mshahara wa kazi ya kusaidia kufundisha, unasimamia madarasa ya wanafunzi wa digrii na unasahihisha karatasi zao. Ile sehemu ya mshahara inakatwa kodi, ya skolashipu haikatwi ukiwa mwanafunzi wa muda wote.

Kwa hivo ukipata ofa usiangalie ile namba kubwa ya juu. Uliza ada ni ngapi na inatoka wapi, uliza ofa ni ya miaka mingapi, uliza miezi ya kiangazi inalipwa ama hailipwi. Vyuo havifanani kabisa. Chuo Kikuu cha Toronto kwa mfano tangu 2018 wanafunzi wengi wa kigeni wa PhD wanalipa ada sawa na mwenyeji, kwingine mgeni analipa juu zaidi. Ofa ya 30,000 yenye ada ya 15,000 ni ndogo kuliko ya 25,000 yenye ada ya 7,000, na watu wanachagua ile ya kwanza kwa sababu imeandikwa kwa herufi nono.

Sasa kujumlisha. Mie nilivyopata nilifanya hesabu kama yako, 28 na 40, nikaanza mpaka kuangalia bei za mabati ya kuezekea nyumba ya bibi. Wiki ya pili idara ikaniandikia barua nyingine. Kwa kuwa sasa una ufadhili wa nje, ule mgao wa ndani tunauondoa apewe mwanafunzi mwingine, wewe tutakuongezea kidogo juu kama pongezi. Niliumia siku hiyo, sisemi uongo. Nilihisi kama nimenyang'anywa kitu nilichokipigania. Lakini karibu kila mahali ndo utaratibu, na ulikuwa umeandikwa kwenye barua yangu ya kwanza ya ofa, aya ya nne, ni mie sikuisoma. Wewe isome. Tafuta pale wanaposema mwanafunzi akipata ufadhili wa nje nini kinatokea, na kama hakuna basi uliza kwa imeili upate jibu la maandishi.

Hata hivo maisha yalibadilika. Hela ya serikali inapitia chuoni, chuo ndo kinakulipa kwa awamu kila muhula, kwanza unachagua uanze Mei, Septemba ama Januari. Kubwa nililopata si hata hela, ni muda. Niliacha zile saa za kusahihisha karatasi, nikarudi nyumbani miezi minne nikafanya utafiti wangu bila haraka, nikakaa na wazee kila jioni mpaka wakazoea kunisahau kwamba naandika. Huwezi kupata hayo ukiwa umebanwa urudi Septemba kufundisha.

Na kitu kingine hujauliza lakini wewe ni dadangu nakwambia. Ukipata mtoto wakati uko kwenye hiyo skolashipu kuna likizo ya uzazi yenye malipo, mpaka miezi 12. Kuna dada alikuwa karibu aache masomo kwa kutolijua hilo.

---

Mwalimu_Mstaafu_Likoni

Mwanangu BintiMtongwe, mimi Kanada sijafika. Nimefundisha miaka thelathini na minne na nimesoma propozali za watoto wa watu nyingi, zilizopita na zilizokwama. Hebu tuandikie hapa sentensi ya kwanza ya hiyo propozali yako, tafadhali. Hiyo moja tu.

---

BintiMtongwe

Shikamoo mwalimu. Naitafsiri manake niliandika Kizungu. Inaanza hivi:

"Utafiti huu unanuia kuchunguza changamoto mbalimbali zinazowakabili wanawake katika sekta ya uvuvi mdogo katika Pwani ya Kenya."

---

Mwalimu_Mstaafu_Likoni

Marahaba mwanangu. Nashukuru umeileta kama ilivyo.

Sasa nisikilize. Kule juu ulipokuwa unatuuliza sisi, hukuandika hivyo. Uliandika kwamba kina mama wakifika ufuoni wanakuta bei ishapangwa. Nilivyosoma hapo niliweka chai chini. Bei imepangwa na nani? Lini? Mtumbwi bado uko baharini, samaki hajaonwa, bei imetoka wapi? Hilo ni swali, na mtu akilisoma atataka jibu. Lakini "changamoto mbalimbali" ni kapu, unaweza kutia chochote humo na msomaji hajui ulitaka nini hasa. "Wanawake katika sekta ya uvuvi mdogo" ni kina nani? Mama karanga ana jina lake, usimvue jina lake ukamvisha la ofisini. Liandike hivyo hivyo kwa Kiswahili ndani ya Kizungu chako, kisha eleza kwa sentensi moja ni nani. Na Pwani ya Kenya inaanzia Vanga mpaka Kiunga, mwanangu, utaitembea yote?

Mimi nilikulia karibu na forodha. Najua jibu la nusu, nawe unalijua. Tajiri amemkopesha mvuvi nyavu, na mashine, na wakati wa kusi bahari ikichafuka amemkopesha na unga. Kwa hivyo samaki ni wa tajiri tangu yuko majini. Mama karanga anasimama na beseni lake anangojea kilichobaki. Zamani kilichobaki kilikuwa kingi. Sasa wewe niambie, je, mama karanga naye hana njia yake? Hana mvuvi wake anayemfichia kidogo? Hana mkopo wa chama? Nakumbuka marehemu mke wa kakangu alikuwa anawalisha wavuvi chai na mahamri kwa deni, deni lenyewe hulipwa kwa samaki, na tajiri hajui. Alikuwa na daftari la kurasa za mistari, kila mvuvi na ukurasa wake, hajui kusoma sana ila alikuwa anachora alama. Kikombe kimoja, alama moja. Daftari kama hilo kama mamako analo, ama mwenzake analo, hilo ndilo propozali yako mwanangu. Hakuna mwingine Kanada atakayekuja na hilo.

Jaribu tena kuiandika.

---

Abiria_wa_Miritini

Naingia kidogo tu na mambo ya viza, hayo ya propozali nawaachia wakubwa. Mie nilimpeleka mke wangu juzi juzi kwa PhD kwa hivo bado ni mbichi kichwani.

Ukishapata barua ya kukubaliwa unaomba kibali cha masomo mtandaoni, dola 150, na alama za vidole dola 85. Alama za vidole ni Nairobi, kwa hivo treni. Tulipanda ile ya usiku Miritini tukalala kwenye viti tukafika asubuhi na mapema, miadi ilikuwa saa nne. Wanataka uonyeshe hela ya kuishi mwaka wa kwanza, kwa mtu mmoja nje ya Quebec tangu Septemba 2025 ni dola 22,895, hiyo ni mbali na ada na nauli. Msishtuke. Barua ya ofa ya chuo inayosema watakulipa kiasi gani inahesabika, sisi hatukuwa na hiyo hela benki wala hatukukopa kwa mtu ili iwekwe halafu itolewe. Hiyo ya kukopa ya siku mbili msifanye, wanaangalia akaunti ya nyuma.

Tangu Januari 2026 anayeenda masta ama PhD kwenye chuo cha umma haombwi tena ile barua ya uthibitisho kutoka mkoa wa Kanada anakoenda (PAL) ambayo ilikuwa inasumbua watu. Na mume ama mke wa mwanafunzi wa PhD anaweza kuomba kibali cha kazi cha wazi, mie changu nimekiomba.

Bi dada kama uko peke yako mambo mepesi. Pasipoti iangalie tu isiwe inaisha katikati ya masomo, manake kibali chako hakiwezi kupita pasipoti yako.

---

BintiMtongwe

Mwalimu, nimetoka kwa mama sa hii. Nimemuuliza habari ya daftari. Ameniangalia kama nimeuliza siri ya mtu, kisha akaenda kwenye kabati la vyombo akatoa si moja, matatu. La kwanza limeandikwa 2009 juu kwa kalamu nyekundu. Yana harufu ya mafuta na karatasi zimekuwa kama ngozi. Kuna majina ya wavuvi wengine washakufa. Miaka yote hii mie natafuta data kwa watu.

Nimeandika tena usiku kucha. Inaanza hivi:

"Ufuoni Mtongwe, Mombasa, bei ya samaki hupangwa kabla mtumbwi haujarudi, kati ya mvuvi na tajiri aliyemkopesha nyavu. Mama karanga, wanawake wanaonunua samaki wadogo kukaanga na kuuza mitaani, hawako kwenye mapatano hayo. Utafiti huu unauliza ni kwa madeni gani ya kwao wenyewe, ya chai, ya chakula na ya chama, wameweza kubaki ufuoni, na kwa nini madeni hayo siku hizi hayawapatii samaki."

Nimewaza pia nimwandikie profesa mmoja nimemsoma sana, yeye anafanya mambo ya madeni na masoko ya samaki Afrika Magharibi. Naogopa kidogo. Barua iwe ndefu kiasi gani?

---

Mwalimu_Mstaafu_Likoni

Sasa umeandika, mwanangu. Hapo kwenye "hayawapatii samaki" usiguse tena. Na madaftari hayo usiyatoe nje ya nyumba, yapige picha kila ukurasa mchana kwenye mwanga, kisha yarudishe kabatini kwa mwenyewe. Na kabla hujayataja kwa mtu yeyote muombe mama ruhusa kwa maneno, si kwa kudhania. Na majina ya wavuvi yafiche, wako wenye watoto.

---

Mwana_wa_Tudor

Barua fupi dadangu. Aya tatu, isizidi skrini moja ya simu. Ya kwanza wewe ni nani na unataka kuanza Septemba gani. Ya pili hizo sentensi tatu ulizoziandika hapo juu, hivo hivo, na moja ya kusema kazi yake ipi uliisoma na ilikufanya uwaze nini, iwe ya kweli, wanajua ukibahatisha. Ya tatu muulize tu, je, anachukua wanafunzi wapya mwaka huo? Ambatanisha CV ya kurasa mbili na si zaidi. Hela usiitaje kwenye barua ya kwanza, akikujibu ndo unamuuliza wanafunzi wake wanafadhiliwaje, na ukipata nafasi muombe akuunganishe na mwanafunzi wake mmoja umuulize mwenyewe.

Asipojibu wiki mbili mkumbushe mara moja. Kimya tena, mwandikie mwingine. Mie nilituma kumi na saba, wakajibu wanne, akakubali mmoja, na huyo mmoja ndo yuko na mie mpaka leo.

Itume Jumanne asubuhi ya kwao, yaani jioni ya kwetu. Ijumaa watu wanafungasha.

---

BintiMtongwe

Leo ni Jumatatu. Mama amenipa ruhusa, amesema yapige picha yote isipokuwa ukurasa wa babako. Ngoja niandike CV.